Ukarabati wa madirisha katika shule za kihistoria nchini Uingereza

Ukarabati wa madirisha katika shule za kihistoria ni kazi ya kutengeneza, kuimarisha au kubadilisha madirisha ya majengo ya shule yanayolindwa na sheria kwa sababu ya historia au usanifu wake. Makala hii inahusu hasa Uingereza, ambako shule nyingi zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19 bado zina wanafunzi na kengele inalia kila asubuhi.

Ugumu wa kazi hii unatokana na dirisha lenyewe kuhudumia watu wawili. Kwa wanaolinda urithi wa majengo, dirisha ni sehemu ya uso wa jengo. Likibadilishwa, sura yote inabadilika hata kama kuta hazikuguswa. Kwa mwalimu na wanafunzi wake, dirisha ni mwanga, hewa na joto la darasa. Dirisha bovu linawanyima yote matatu, nao hawawezi kusubiri miaka kumi wataalamu wakubaliane.

Asili ya madirisha makubwa

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 1870 iliruhusu kuundwa kwa bodi za shule zilizochaguliwa na wananchi na zenye mamlaka ya kujenga shule kwa fedha za umma. Bodi ya London ilikuwa na kazi kubwa kuliko zote. Msanifu wake wa kwanza, Edward Robert Robson, alishika kazi mwaka 1871, na mwaka 1874 alichapisha kitabu kuhusu usanifu wa shule ambacho kilisomwa sana na wasanifu wengine. Shule za bodi hiyo zinatambulika kwa urahisi hadi leo: majengo marefu ya matofali, mara nyingi ya ghorofa tatu, yenye safu za madirisha marefu yaliyopakwa rangi nyeupe, yakiinuka juu ya paa za nyumba za jirani.

Ukubwa wa madirisha hayo haukuwa mapambo. Umeme haukuwapo, na taa za gesi zilitoa mwanga hafifu, zikapasha chumba joto na kuchafua hewa. Mwanga wa kusomea ulipaswa kutoka nje, tena katika nchi ambayo wakati wa baridi jua linatua kabla ya saa kumi na moja jioni. Ndiyo maana vichwa vya madirisha vilipandishwa hadi karibu na dari: mwanga unaoingia juu hufika mbali zaidi ndani ya chumba kuliko unaoingia chini. Robson alisisitiza pia kwamba mwanga mkuu utoke upande wa kushoto wa mwanafunzi, ili kivuli cha mkono wa kulia kisiangukie mahali anapoandika. Wanaoandika kwa mkono wa kushoto hawakufikiriwa. Zama hizo walilazimishwa tu kubadilisha mkono.

Kizingiti cha chini kiliwekwa juu, mara nyingi juu ya macho ya mtoto aliyeketi. Walimu wa siku zile waliona faida katika hilo, kwa kuwa mtoto hawezi kutazama barabarani wakati wa somo. Wa siku hizi wengi wanaona vinginevyo, na maombi ya kushusha vizingiti ni kati ya yale ambayo halmashauri huyakataa kwa urahisi zaidi, maana yanahitaji kukata ukuta.

Hewa nayo ilikuwa jambo zito. Darasa moja liliweza kubeba watoto zaidi ya sitini, na magonjwa ya kuambukiza yalienea upesi. Dirisha lililofaa ni lile linaloweza kufunguliwa juu na chini kwa wakati mmoja: hewa ya moto ikatoka juu, baridi ikaingia chini. Aliyewahi kufundisha katika darasa ambalo nako zake zimekwama anajua umuhimu wa jambo hilo bila kuelezwa zaidi.

Muundo wa dirisha la sashi

Dirisha lililotumika zaidi katika shule hizo ni la sashi. Aina hii haijazoeleka Afrika Mashariki, kwa hiyo ni vema kuieleza. Halina bawaba. Lina fremu mbili za mbao zenye vioo, moja juu na moja chini, nazo huitwa sashi. Kila sashi hupanda na kushuka ndani ya mfereji wake, ya juu ikiwa upande wa nje na ya chini upande wa ndani, hivyo zinapishana bila kugongana.

Kinachofanya fremu nzito ipande kwa mkono mmoja kimefichwa ukutani. Pande zote mbili za dirisha kuna kasha la mbao lililo wazi ndani. Kamba iliyofungwa kwenye ubavu wa sashi hupita juu ya kapi ndogo, kisha hushuka ndani ya kasha na kushika chuma cha uzani. Kila sashi ina vyuma viwili, kimoja kila upande, na vyote viwili pamoja vina uzito unaokaribiana sana na wa sashi. Fundi mzuri havipimi sawasawa kabisa: vya sashi ya juu huwa vizito kidogo kuliko sashi yenyewe ili ibaki imepanda, na vya sashi ya chini huwa vyepesi kidogo ili ibaki imeshuka. Chini ya kasha kuna kijimlango kidogo kinachoweza kung'olewa ili kufikia vyuma hivyo kamba inapokatika. Yaani aliyebuni dirisha hili alijua tangu mwanzo kwamba kamba itakatika siku moja.

Sehemu nyingine nazo ni hivyo hivyo. Vijiti vinavyoshikilia sashi mahali pake vimepigwa misumari midogo tu, ili viondolewe na kurudishwa. Viungo vya fremu ni vya ulimi na tundu, ambavyo vinaweza kufunguliwa. Kioo kimeshikwa na puti iliyotengenezwa kwa unga wa chokaa na mafuta ya kitani, ambayo hukatwa kioo kinapovunjika. Hakuna sehemu ya dirisha hili isiyoweza kubadilishwa peke yake, na hapo ndipo linapotofautiana na madirisha mengi ya leo.

Mbao nazo zinastahili kutajwa. Nyingi ni za msonobari ulioagizwa kutoka nchi za Baltiki, ambako miti ilikua polepole kwa sababu ya baridi. Pete zake zimebanana na kiini chake kinastahimili maji. Mbao laini za siku hizi, zitokazo kwenye mashamba ya miti iliyoharakishwa kukua, kwa kawaida hazifikii ubora huo. Mtu anayetupa sashi ya mwaka 1880 kwa sababu imeoza sentimita kumi za chini anaweza kuwa anatupa mbao bora kuliko zile anazonunua kuziba pengo.

Vioo vya zamani vilipulizwa au kuviringishwa kwa mkono, kisha vikanyooshwa. Uso wake una mawimbi madogo, na ukitazama mti kupitia kioo hicho huku ukitembea, matawi yanaonekana kama yanacheza. Tangu kampuni ya Pilkington ilipotangaza mwaka 1959 njia ya kutengeneza kioo kwa kukielelesha juu ya bati iliyoyeyushwa, kioo cha kawaida kimekuwa bapa kabisa. Ukuta wenye madirisha hamsini ukiwekewa vioo vipya hung'aa kwa namna moja tu, na hata mpita njia asiyejua lolote huhisi kuna kitu kimebadilika.

Ulinzi wa kisheria

Majengo yenye thamani ya pekee huingizwa katika orodha ya taifa kwa madaraja matatu: I, II* na II. Shule nyingi za karne ya 19 zilizomo ziko katika daraja la II. Sheria inayotumika ni ile ya mwaka 1990 kuhusu majengo yaliyoorodheshwa na maeneo ya hifadhi. Uskoti, Welisi na Eire ya Kaskazini zina taratibu zake.

Ulinzi huo hauishii kwenye uso wa mbele. Unahusu jengo zima, nje na ndani, pamoja na dirisha la choo cha nyuma. Kazi yoyote inayobadili tabia ya jengo kama jengo la kihistoria huhitaji kibali cha halmashauri, na kwa majengo ya madaraja ya juu halmashauri huomba pia ushauri wa Historic England, taasisi ya serikali ya urithi. Kufanya kazi hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Adhabu yaweza kuwa faini au kifungo cha hadi miaka miwili. Mkuu wa shule aliyeagiza madirisha ya plastiki kwa nia njema hawezi kujitetea kwa kusema hakujua kwamba jengo limeorodheshwa.

Mpaka kati ya matengenezo na mabadiliko ndio unaoleta maswali. Kubadilisha kamba, kuziba mbao iliyooza kwa mbao ya aina ileile, kupaka rangi upya kwa rangi ileile: haya kwa kawaida hayahitaji kibali. Kuondoa dirisha zima na kuweka jingine huhitaji, hata kama jipya linafanana nalo. Kuweka kioo cha tabaka mbili katika sashi ya zamani huhitaji pia. Shule inapokuwa na shaka, busara ni kumwuliza afisa wa hifadhi wa halmashauri kabla ya kutafuta fundi.

Uchakavu na matengenezo

Madirisha ya mbao huanza kuoza chini. Maji ya mvua hutuama juu ya kizingiti na kwenye mbao ya chini ya sashi, hasa pale puti ilipopasuka na kuacha ufa mwembamba. Dalili za mwanzo ni rangi inayovimba na kiungo kinachofunguka pembeni. Fundi huchoma mbao kwa ncha ya kisu: ikiingia kwa urahisi, pameoza. Mara nyingi dirisha linaloonekana limekwisha lina uozo mahali pawili au patatu tu, na sehemu iliyobaki ni ngumu kama siku ilipotengenezwa.

Tatizo jingine halihusiani na uozo. Kwa miaka mia moja kila mpaka rangi ameongeza tabaka lake, hadi sashi zikagandana na fremu. Sashi ya juu huathirika zaidi, kwa kuwa wengi hawajui kwamba nayo hufunguka. Katika shule za aina hii si ajabu kukuta darasa linalolalamikiwa kwa joto na harufu, lenye madirisha yaliyobuniwa vizuri kuliondolea hayo, ila nusu yake imefungwa kwa rangi.

Matengenezo huanza kwa kuondoa sashi na kuiandika namba, kwa sababu hakuna mbili zinazolingana kabisa. Sehemu iliyooza hukatwa hadi kwenye mbao nzima, kisha kipande kipya hupachikwa na kugandishwa kwa gundi isiyoathiriwa na maji. Mkato hufanywa kwa mshazari, ukishuka kuelekea nje, ili maji yakiingia yatoke. Nyuzi za kipande kipya zielekee upande mmoja na za zamani. Vinginevyo vipande vitavimba na kusinyaa kwa kupingana, na kiungo kitafunguka ndani ya miaka michache. Puti mpya huachwa ikauke juu kwa wiki moja au mbili kabla ya kupakwa rangi, na rangi hupitishwa kidogo juu ya kioo ili kufunga ufa kati ya kioo na puti. Mafundi wenye haraka huruka hatua hii ndogo, na uozo hurudi kwa njia ileile.

Hatari kubwa kwa watoto ni rangi yenyewe. Rangi za mbao za zamani zilichanganywa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Uingereza ilipiga marufuku kuziuza kwa matumizi ya kawaida mwaka 1992, lakini tabaka za chini bado zipo. Rangi iliyokaa imara na kufunikwa na nyingine haina madhara makubwa. Inadhuru inapobanduka au inapokwanguliwa na kuwa vumbi. Kwa hiyo haipigwi msasa ikiwa kavu. Hulowanishwa kwanza, au hulainishwa kwa dawa au kwa joto la chini lisilotoa moshi, na mabaki hukusanywa kama taka hatari. Kazi hupangwa katika likizo ndefu ya kiangazi, ambayo ni ya takriban wiki sita. Muda huo ni mfupi kwa shule yenye madirisha mia mbili, ndiyo maana shule nyingi hufanya upande mmoja wa jengo kila mwaka.

Joto, usalama na mabadiliko

Dirisha la kioo kimoja hupoteza joto jingi, na gharama za kupasha joto shule ni mzigo wa kweli. Hapa mtetezi wa urithi hapaswi kujibu kwa mkato. Lakini sehemu kubwa ya baridi anayoisikia mwanafunzi hutokana na upepo unaopenya kando ya sashi, si kioo chenyewe. Kuchonga mfereji mwembamba na kuingiza brashi za kuzuia upepo ni kazi ndogo, haionekani, na inaondoa pia kelele za sashi kutikisika.

Hatua inayofuata ni dirisha la pili la ndani, yaani fremu nyembamba yenye kioo inayofungwa upande wa chumba, bila kugusa la kwanza. Vipimo vilivyofanywa na Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian kwa ajili ya taasisi ya urithi ya Uskoti vilionyesha kwamba dirisha la pili hupunguza joto linalopotea kupitia dirisha la sashi kwa asilimia 63, na kwamba milango ya mbao ya kufunika dirisha kwa ndani hupunguza kwa asilimia 51. Faida ya njia hii kisheria ni kwamba inaweza kuondolewa siku yoyote na jengo likabaki lilivyokuwa. Ubaya wake darasani ni kwamba mwalimu sasa ana madirisha mawili ya kufungua badala ya moja, na asipozoeshwa hatafungua hata moja.

Kioo cha tabaka mbili kinavutia zaidi lakini kina hesabu yake. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba na kila milimita moja ya unene. Sashi yenye kioo cha mita za mraba 1.8 na unene wa milimita 3 hubeba kilo 13.5 za kioo. Ikiwekewa tabaka mbili za milimita 4 kila moja, hubeba kilo 36. Vyuma vya uzani vya zamani haviwezi tena kuipandisha, na kasha halina nafasi ya vyuma vikubwa. Itabidi kutumia risasi, ambayo ni nzito kuliko chuma kwa ujazo uleule. Kisha fito nyembamba zinazogawa kioo hazina upana wa kushika ukingo wa kioo kinene. Fito zikinenepeshwa, sura ya dirisha inakuwa nzito, na kivuli chake darasani kinaongezeka. Halmashauri nyingine hukubali vioo vyembamba vya tabaka mbili vilivyotengenezwa mahususi kwa fito za zamani, nyingine hukataa, hasa pale ambapo kioo cha awali bado kipo.

Plastiki kwa kawaida hukataliwa. Mbali na sura, dirisha la plastiki haliundwi kwa ajili ya kutengenezwa vipande vipande. Fremu ikipinda au kupasuka, aghalabu huondolewa nzima.

Usalama una madai yake pia. Madirisha ya ghorofani huwekewa vizuizi ili yasifunguke zaidi ya milimita 100, mtoto asianguke. Kioo kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni kinapaswa kuwa cha aina isiyokata kinapovunjika. Badala ya kutoa kioo cha kale, mara nyingi huruhusiwa kukibandika utando wazi unaoshika vipande. Vizuizi hivyo vinapunguza hewa, ndiyo maana kufungua sashi ya juu, isiyofikiwa na mtoto, ni jambo la thamani zaidi kuliko linavyoonekana. Huhitaji tu kamba na ndoana ya mti mrefu, kama zamani.

Shule za chuma na kioo

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanahusu mbao. Shule za kisasa zilizoorodheshwa zinaleta swali gumu zaidi. Shule ya Hunstanton katika mkoa wa Norfolk, iliyobuniwa na Alison na Peter Smithson na kukamilika mwaka 1954, iko katika daraja la II* na ni maarufu duniani kote kwa wasanifu. Vioo vyake vilipachikwa moja kwa moja katika mihimili ya chuma inayobeba jengo, bila fremu ya kati. Chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na kioo hakipindi. Vioo vikawa vinavunjika. Waliosoma humo walipata joto kali wakati wa kiangazi na baridi wakati wa majira ya baridi, na sehemu ya vioo baadaye ikabadilishwa kwa paneli nyeusi. Hapa matengenezo ya kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa yangerudisha pia kosa lenyewe.

Nje ya Uingereza, mfano unaotajwa sana ni jengo la shule ya sanaa ya Bauhaus mjini Dessau, Ujerumani, lililobuniwa na Walter Gropius na kufunguliwa mwaka 1926. Ukuta wake wa kioo na chuma uliharibiwa kwa mabomu mwaka 1945, ukazibwa kwa namna ya muda, kisha mwaka 1976 serikali ya Ujerumani Mashariki ikaujenga upya kwa alumini badala ya chuma. Jengo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Katika ukarabati mkubwa uliofuata hadi mwaka 2006, wataalamu wangeweza kuiondoa alumini na kurudisha chuma. Waliiacha, kwa kuwa kufikia wakati huo ukuta wa mwaka 1976 ulikuwa nao sehemu ya historia ya jengo.